Sahani ya Mgonjwa na Sahani ya Mhudumu

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger katika majimbo ya kusini kuchunguza pelagra. Ugonjwa huo huharibu ngozi, huendesha tumbo, kisha hupanda kichwani: mgonjwa huchanganyikiwa, na wengi waliishia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Madaktari wengi wa wakati ule waliamini kuwa unaambukiza. Goldberger akagundua kwamba katika hospitali hizo walioupata ni wagonjwa. Wahudumu walioshinda nao kutwa nzima walibaki wazima. Kilichowatenga ni sahani. Wagonjwa waliishi kwa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe, ilhali wahudumu walipata vilivyo bora zaidi. Katika vituo viwili vya yatima mjini Jackson, Mississippi, aliongeza maziwa, mayai, nyama na kunde, na pelagra ikatoweka karibu yote. Mwaka 1937 ndipo ilipojulikana kuwa kilichokosekana ni niasini, moja ya vitamini za kundi B.

Nasi tunaokula ugali tusiyaone hayo kuwa ya Wamarekani. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, zaidi ya watu 17,000, baada ya karanga kukosekana katika mgao wao wa chakula. Unga wa mahindi uliendelea kuwafikia. Matumbo yalishiba, miili ikaugua. Kwangu mimi hilo ni jambo zito: karanga, kitu tunachokitafuna tukisubiri basi, ndizo zilizokuwa zimewakinga.

Sisemi kwamba kila ugonjwa wa akili una tiba jikoni. Pelagra ina chanzo kimoja kinachojulikana. Sonona ina vyanzo vingi: urithi, misiba, umaskini, ukatili wa majumbani, maradhi ya mwili. Hata hivyo chakula kimo. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake huko Australia walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watu 67 wenye sonona na waliokuwa wakila vibaya. Nusu walisaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadili mlo kwa wiki 12. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuzungumza nao. Katika kundi la mlo, karibu theluthi walipona kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na sonona. Katika kundi la mazungumzo walikuwa 8 kati ya 100. Watu 67 ni wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, kwa hiyo matokeo hayo yapokelewe kwa tahadhari. Tena wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu. Mlo uliongezwa juu ya tiba, haukuchukua nafasi yake.

Walikula nini? Mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, njugu, nafaka zisizokobolewa na mafuta ya zeituni. Ukiacha zeituni, hicho ni chakula cha bibi zetu: dona, mtama, maharage, mchicha, dagaa. Tumekiacha kwa sababu sembe nyeupe, chipsi na soda vilionekana kuwa dalili ya kuendelea. Naona tulidanganyika.

Chai nayo ina yake. Ikinywewa pamoja na chakula, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye maharage na mboga. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwanamke asiye na damu ya kutosha huchoka, hukosa hamu, hushindwa kufikiri vizuri, na nyumbani anaambiwa ni mvivu au ana kisirani. Chai ingesogezwa mbele saa moja hivi baada ya mlo, na damu ingepimwa kabla ya tabia yake kuhukumiwa.

Kuhusu usingizi, ukinywa kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu saa kumi na moja jioni, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa nne usiku. Dereva anayekesha kwa vinywaji hivyo wiki baada ya wiki anaunyima ubongo saa zake za kujirekebisha. Pombe nayo huleta usingizi upesi, kisha huuvunja katikati ya usiku.

Mtu akianza kujitenga, kulia bila sababu au kusema hovyo, wengi wetu huuliza kwanza nani kamroga. Nakusihi, msomaji, uliza pia anakula nini, analala saa ngapi, anakunywa nini. Mpeleke kituo cha afya na majibu hayo ukiwa nayo, umweleze daktari. Na kama ameshaandikiwa dawa, usimwachishe kwa sababu ameanza kula mchicha.