Mtoaji na Mpokeaji: Kesi ya Maji ya Lesotho

Kwamba nchi zetu changa zina haja ya mitaji ya wageni ni jambo lisilobishwa. Bwawa halijengwi kwa mikono mitupu. Lakini twasikia kila siku, na hasa vijini mwa vijana wetu waliosoma, ya kuwa rushwa ni maradhi ya Waafrika peke yao, na mgeni aletaye fedha ni mtu safi anayelazimishwa tu kutoa. Asemaye hivyo na aitazame Lesotho.

Lesotho ni ufalme mdogo wa milima, wenye watu wapatao milioni mbili, nao umezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Utajiri wake ni maji. Mwaka 1986 nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba: yajengwe mabwawa Lesotho, maji yapitishwe chini ya milima mpaka upande wa Johannesburg, na Afrika Kusini iyalipie. Makampuni ya Kanada, Ujerumani, Ufaransa na Italia yakaja kutafuta kazi, na Benki ya Dunia ikakopesha. Bwawa la Katse likasimama, kimo chake meta 185. Wanavijiji wa mabondeni walipoteza mashamba na malisho.

Mkuu wa mamlaka ya mradi huo alikuwa mhandisi Masupha Sole. Wakaguzi walipofungua vitabu alisimamishwa kazi, na mwaka 1995 akafukuzwa. Alipodaiwa mahakamani alikana kuwa na akaunti ng'ambo. Basi serikali ikaomba hesabu za mabenki ya Uswisi, nazo zikayasema aliyoyaficha.

Yafaa tufahamu njia waliyoitumia. Kampuni haikumtilia Sole fedha mkononi. Iliandikiana mkataba na mtu wa tatu, aliyeitwa wakala, ikamlipa ada yake huko Uswisi. Kisha wakala akahamisha sehemu ya fedha zile kwenye akaunti ya Sole. Karatasi zote zilikuwa na sahihi zake. Kampuni ya Acres ya Kanada iliposhitakiwa ilijitetea ya kuwa ilimlipa wakala kwa kazi yake, na aliyoyafanya baadaye kwa fedha zake haikuyajua.

Hoja ya kubadili jina la mali si ngeni kwetu. Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, alirudi na mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu yule asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi zingemfuata huko. Na katika mlungula, laana imetajwa juu ya mtoaji na mpokeaji pamoja.

Mahakama ya Lesotho nayo haikumwacha hata mmoja. Mwaka 2002 Sole alihukumiwa kifungo cha miaka 18, kilichopunguzwa na mahakama ya rufani kuwa 15. Mwaka huohuo Acres ilipatikana na hatia. Hakimu hakukubali ya kuwa ule ulikuwa uwakala wa kweli. Mwaka 2003 ikafuata Lahmeyer ya Ujerumani, na baadaye makampuni mengine yakakiri yenyewe na kutozwa faini.

Lililotushangaza sisi ni mwendo wa Benki ya Dunia. Mapema mwaka 2002, baada ya uchunguzi wake, ilisema ushahidi juu ya Acres hautoshi. Ni baada ya mahakimu wa nchi maskini kutoa hukumu, na rufani kushindwa, ndipo mwaka 2004 ilipoizuia kampuni hiyo kupewa kazi zake kwa miaka 3. Na Lahmeyer ikazuiwa mwaka 2006. Gharama za kesi zile, pamoja na mawakili na wahesabu wake, zilitoka katika hazina ya Lesotho.