BETRI YA GARI INAKUFA KILA MARA? PIMA KABLA HUJANUNUA NYINGINE

Wajasiriamali wenzangu, leo naongea na wale wenye gari ya kupelekea wateja mizigo. Iwe IST, Probox au Kirikuu, hii inakuhusu.

Umefunga oda nane, wateja umeshawaambia mzigo unafika kabla ya saa nne. Unawasha gari, tik tik tik, kimya. Jirani anakushtulia kwa waya, unaondoka. Kesho yake yaleyale. Wengi wakifika hapo wanakimbilia kununua betri mpya. Faida ya wiki inaondoka, halafu baada ya siku chache na hiyo mpya inakufa, lawama anabeba muuza betri.

Betri ikifa mara moja, labda umesahau taa. Ikifa kila mara, ina sababu, na sababu inapimika. Unahitaji mita ya kupimia umeme, ile wanayotumia mafundi redio. Iweke kwenye volti za DC, namba 20. Waya mwekundu kwenye chanya (+), mweusi kwenye hasi (-).

1. ANZA NA VIBANO
Hii ni bure. Shika vibano vya betri kwa mkono. Kama vinacheza, au vina unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Betri inaweza kuwa nzima kabisa na gari isiwake. Toa waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Safisha kwa maji ya moto yenye magadi soda, piga brashi, kausha, rudisha, kaza. Wa hasi unarudi mwisho, ili spana ikigusa bodi isipige shoti.

2. PIMA ASUBUHI KABLA HUJAWASHA
Volti 12.6 betri imejaa. 12.4 iko kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 kushuka chini, iko karibu tupu.
Sasa mtu awashe gari wewe ukiangalia mita. Kama betri ilikuwa imejaa lakini stata ikizunguka inashuka chini ya 9.6, betri imechoka. Hapo ndiyo ununue.

3. PIMA GARI IKIWA INANGURUMA
Kwa gari nyingi mita inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, betri haichajiwi. Angalia mkanda wa oltaneta kwanza, ukilegea au ukikatika hakuna chaji. Kama mkanda uko sawa, oltaneta ipelekwe kwa fundi umeme. Ikizidi 15, inachaji kupita kiasi na itakausha maji ya betri.
Angalizo: kuna mafundi wanachomoa betri gari ikiwa inawaka eti wanapima oltaneta. Usikubali. Umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kompyuta ya gari, na bei yake huwezi kulinganisha na ya betri.

4. MTAFUTE MWIZI WA USIKU
Kama chaji iko sawa mchana lakini asubuhi gari haiwaki, fanya hivi. Chaji betri ijae, jioni chomoa waya wa hasi, lala. Asubuhi pima. Ikiwa imeshuka yenyewe bila kuunganishwa na kitu, betri ni mbovu. Ikiwa bado imejaa, gari ndiyo inaimaliza.
Wezi wa kawaida ni taa ya buti isiyozimika, redio iliyofungwa mtaani, alamu, kamera, kifaa cha kufuatilia gari, na hata oltaneta yenye dayodi mbovu.
Gari iliyozimwa kwa kawaida inakula chini ya ampea 0.05. Ikila 0.5, kwa saa 24 ni 12Ah. Betri ya 45Ah inapoteza zaidi ya nusu kwa siku mbili tu. Kwa hiyo ukiacha gari Ijumaa jioni, Jumatatu usishangae. Fundi atapima ampea, kisha atachomoa fyuzi moja moja. Fyuzi ambayo ikitoka namba inashuka, mwizi yuko kwenye njia hiyo.

5. ANGALIA MZUNGUKO WAKO
Hili linatupata sana sisi wa dilivari. Unawasha, unaenda kilomita mbili, unazima. Unamsubiri mteja na redio, simu iko kwenye chaji, taa za hazadi zinapepesa. Unawasha tena. Kila kuwasha stata inavuta ampea nyingi sana, na mwendo mfupi hauzirudishi. Panga oda kwa njia moja, zima vitu ukisubiri, na mara moja moja ichaji betri usiku kucha kwa chaja ya taratibu. Oltaneta kazi yake ni kutunza chaji, haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa kabisa.

Na usiiache ikae imekufa. Betri za risasi na asidi zikikaa tupu, ndani zinaganda salfeti na uwezo unapungua moja kwa moja. Ndiyo maana betri mpya ukiiweka kwenye gari yenye tatizo lilelile, nayo inazeeka haraka.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, andika namba tatu: volti za asubuhi, volti wakati wa kuwasha, volti gari ikinguruma. Mpelekee fundi namba hizo. Mteja mwenye namba hauziwi betri asiyoihitaji.