Kilo 35 za Redio

Risiva ya Pioneer SX-1980, iliyotoka mwaka 1978, ina uzito wa kilo 35 na ushei. Ndani yake mna redio ya AM na FM, amplifaya ya kusukuma spika na mahali pa kuchomeka kinanda cha santuri. Lakini kinachovunja mgongo wa mbebaji ni transfoma na mapezi ya aluminiamu yanayopoza transista.

Uzito huo una historia. Kabla ya mwaka 1974, watengenezaji waliouza Marekani walijitangazia wati wapendavyo. Mwingine alipima nguvu ya kufumba na kufumbua tu, akaiandika kwenye boksi. Mwaka huo Tume ya Biashara ya Marekani ikawabana: wati zipimwe mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi, na kabla ya kipimo chombo kiachwe saa nzima kwenye theluthi ya nguvu yake. Theluthi ndiyo mtego wenyewe, maana amplifaya nyingi za wakati ule hutoa joto jingi zaidi zikiwa hapo kuliko zikikimbia kwa nguvu zote. Aliyebana matumizi kwenye transfoma aliumbuka. Mashindano yakabaki kwenye chuma halisi: SX-1250 ya mwaka 1976 ilitoa wati 160 kila chaneli, SX-1980 ikafika 270.

Nani anahitaji wati hizo zote sebuleni? Karibu hakuna. Ndiyo maana wengi huridhika na Marantz 2270 na wati zake 70. Taa zake za buluu zinapendeza, ila raha yenyewe iko kwenye kutafuta stesheni: gurudumu zito limelazwa ndani, ukingo wake umechomoza usoni. Ukilisukuma kwa kidole linaendelea kuzunguka lenyewe, na sindano inateleza kutoka stesheni hii hadi ile.

Kuhusu sauti, wapenzi husifia "joto" lake. Tuseme kweli: kwa vipimo, amplifaya nyingi za leo za bei ya kawaida zinazishinda risiva hizi za zamani, na joto hilo wakati mwingine ni kitufe cha kuongeza besi kilichosahaulika kimebonyezwa. Sifa isiyo na ubishi ni kwamba risiva hizi zinatengenezeka. Kapasita ikikauka, fundi anaiona kwa macho, anaitoa kwa lehemu, anaweka mpya.

Anayeagiza risiva kama hizi kuja Dar es Salaam au Nairobi aangalie kwanza nyuma yake. Nyingi za Marekani zinakula volti 120 tu. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu zinaungua. Tena FM ya Marekani imerekebishwa tofauti na ya huku, hivyo sauti nyembamba hufifia kidogo. Zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina kasoro kubwa zaidi: FM yake inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, na stesheni zote za juu ya hapo hazipatikani.