Dawa za Kuzuia Homoni na Kansere ya Ini

Huku Uvira na katika uwanda wa Ruzizi wakatekista hutuuliza: «Padri, mgonjwa wetu ana kansere ya ini. Jamaa wanataka kuuza shamba, wavuke mpaka Bujumbura kununua vidonge vya tamoksifeni. Tuwashauri nini?» Ni ulizo la haki, tulijibu kwa uangalifu.

Homoni ni vitu vidogo vinavyotengenezwa mwilini. Hupita katika damu na kuamuru viungo vikue au vitulie. Tamoksifeni huzuia kazi ya homoni ya kike, nayo imewasaidia wanawake wengi wenye kansere ya ziwa. Sasa, kansere ya ini hupata wanaume kuliko wanawake. Tena waganga waliona kwamba uvimbe wa ini mara nyingine una mahali pa kupokelea homoni. Wakawaza: tukifunga mlango huo, ugonjwa utapungua. Majaribio madogo ya kwanza yalitia moyo.

Lakini wazo jema si dawa bado. Katika Italia wagonjwa 496 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa tamoksifeni, wengine hapana. Mwaka 1998 ikatangazwa kwamba hawa hawakuishi zaidi kuliko wale. Mwaka huohuo dawa za kuzuia homoni ya kiume nazo zilionekana hazifai. Mwaka 2002, jaribio la Asia lilionyesha kwamba waliopewa tamoksifeni nyingi zaidi walikufa mapema kuliko waliopewa vidonge vitupu.

Mbona kura? Kwa sababu munganga akichagua mwenyewe, pengine atawapa dawa wale wenye nguvu bado. Wakiishi, atasifu dawa bure.

Basi, shamba lisiuzwe kwa vidonge hivyo. Mgonjwa apelekwe hospitali, maumivu yake yatulizwe, wala tusimwache peke yake.

Na shamba lenyewe lina neno la kutufundisha. Chakula kilichowekwa akiba katika Uganda kilipopimwa mwaka 1966 na 1967, karibu sehemu tatu kwa kumi zilikuwa na aflatoksini, sumu ya ukungu inayoleta kansere ya ini. Kwa hiyo tukaushe vizuri mihindi na karanga, na zilizoota ukungu tuzitupe. Tena akina mama wapeleke watoto wachanjwe: tangu 2007 chanjo za watoto katika Congo zina kinga ya hepatiti B, ugonjwa unaozaa kansere hiyo. Hayo tuyaseme mapema, jamaa wangali wazima.