Kuprinti faili la maandishi kwa amri: pima kwanza, karatasi ni pesa

Leo tutoke kidogo kwenye siasa, tuongelee printa. Ndiyo, printa. Maana juzi imeniaibisha mbele ya watu wazima, na nimeona nisiibakize hasira yangu mwenyewe wakati kuna wengine wanaelekea shimo hilo hilo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Chama chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na mkutano wa mwaka, na mie ndiye naitwa "mtu wa kompyuta", si mnajua tena, ukijua kubadilisha wino basi wewe ni injinia. Katibu akanipa orodha ya wanachama 412 kwenye faili la maandishi matupu, lile linaloishia na .txt, niprinti ili watu wasaini wakichukua gawio lao. Nikasema hiyo kazi ya dakika tano. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza Enter, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nilikuta mambo matatu. Kila jina limekatika vipande viwili, namba ya simu imeshuka mstari wa chini, na sehemu ya kusaini imetua chini ya jina la mtu mwingine. Nikatupa zile karatasi, nikabadilisha upana, nikaprinti tena nakala ambayo niliona inatosha. Siku ya mkutano bibi mmoja kutoka Chang'ombe akasogea mezani, nikamwamkia, akaangalia karatasi kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, mie nasaini jina langu. Hili sijui la nani."

Jina lake lina ng' ndani yake. Kwenye karatasi, baada ya g, palikuwa na kitu hiki: â€™. Na si yeye peke yake, kila mwenye ng' alikuwa hivyo hivyo, na Wasukuma kwenye chama chetu si haba. Mweka hazina akagoma kutoa hela kwa jina lisilosomeka, na kwa kweli alikuwa na haki. Watu walisubiri zaidi ya saa mbili kwenye mabenchi wakati mie nahangaika.

Haya, tuanze na hilo la ng', maana ndilo linalotuhusu sisi wa Kiswahili kuliko wengine.

Ritifaa ya kawaida, ile iliyopo kwenye kibodi, ni alama iliyonyooka na kompyuta zote zinaielewa. Lakini ukiandika kwenye Word, au kwenye baadhi ya simu, programu inakubadilishia bila kukuuliza, inaweka ile iliyojikunja kama koma iliyopandishwa juu. Kwa macho yako ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti kabisa. Faili likihifadhiwa kwa mtindo wa UTF-8, ambao ndio umeenea kila mahali, ile iliyonyooka inachukua baiti moja na ile iliyojikunja inachukua baiti tatu. Sasa ikija programu inayodhani kila baiti ni herufi moja kwa mtindo wa zamani wa Windows, inazisoma zile tatu mojamoja: ya kwanza inakuwa â, ya pili alama ya Euro, ya tatu kile kialama cha biashara. Printa haina kosa hapo. Imechapa ilichoambiwa.

Kompyuta ya ofisini ni ya Windows, na nilitumia PowerShell ile toleo la 5.1 inayokuja na Windows yenyewe. Hiyo, faili la UTF-8 lisipokuwa na alama ya utambulisho mwanzoni, inalisoma kwa ule mtindo wa zamani. Dawa yake ni maneno mawili tu katikati:

Get-Content orodha.txt -Encoding UTF8 | Out-Printer

Kwenye PowerShell 7 hilo halina shida, inaanza na UTF-8 yenyewe. Kama unatumia Linux, mie huwa nasafisha faili kabisa kabla ya chochote, nageuza ritifaa zote ziwe za kunyooka:

sed "s/’/'/g" orodha.txt > safi.txt

Hapo hata ukiipeleka kwenye programu ya enzi za babu, Nyang'hwale inatoka Nyang'hwale. Na kama hujui faili lako ni la mtindo gani, andika "file orodha.txt" lenyewe litakwambia, pamoja na kama limetoka Windows au la. Dakika moja tu, ningeifanya asubuhi ile nisingeumbuka.

Sasa turudi kwenye majina yaliyokatika. Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Faili la Word linajua karatasi. Linajua pembezoni, linajua ukurasa unaishia wapi. Faili la .txt halijui lolote kuhusu karatasi. Ni herufi zimepangwa mstari baada ya mstari, basi. Kuna mstari wa herufi 20 na kuna mstari wa herufi 500, vyote sawa. Kazi ya kuuliza "hii itaenea?" ni yako wewe, na uiulize kabla.

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, yaani inchi nane na kidogo. Kipimo kilichozoeleka cha kuprinti maandishi matupu ni herufi 10 kwa inchi. Zile printa za zamani zinazolia kama cherehani zilichapa herufi 80 kwa mstari kwa kipimo hicho hicho. Ukitoa pembezoni, kwenye A4 unabaki na herufi kama 75. Kwenda chini kipimo ni mistari 6 kwa inchi, kwa hiyo ukurasa unameza mistari 60 na ushee. Hizo namba mbili, 75 na 60, ziandike ukutani.

Linux ina amri ndogo ya kupima faili lako:

wc -L safi.txt
wc -l safi.txt

Ile ya L kubwa inakupa urefu wa mstari mrefu kuliko yote. Ile ya l ndogo inakupa idadi ya mistari. Orodha yetu ilikuwa na mstari wa herufi 110. Sasa 110 kwenye 75 inaingiaje? Haiingii. Kila mstari ulipinda ukawa miwili, na kurasa 7 zikawa 14. Kwa maandishi ya kawaida, barua au kumbukumbu za kikao, unaweza kuyapinda mwenyewe kwa "fold -s -w 75", ambayo inakata kwenye nafasi kati ya maneno, haikati neno katikati. Lakini orodha yenye safu haipindwi. Orodha unalaza karatasi, au unabana herufi, au vyote viwili:

lp -o landscape -o cpi=12 safi.txt

Hiyo lp ndiyo amri ya kupeleka faili kwenye printa kwa Linux na kwa Mac pia. Nyuma yake kuna mfumo unaoitwa CUPS, ulianza kutolewa mwaka 1999, na Apple wakaununua mwaka 2007. Kuna na lpr, inafanya kazi hiyo hiyo, ni mazoea ya mtu tu. "lpstat -p -d" inakuonyesha printa zilizopo na ipi ndiyo ya kawaida. Usiruke hatua hiyo kama ofisi ina printa zaidi ya moja. Mie nimewahi kupeleka barua ya mapenzi... haya, tuyaache hayo.

Ile cpi ni herufi kwa inchi. Kuna na lpi, mistari kwa inchi. Na hapa niliteleza mara ya tatu. Mistari 6 kwa inchi maana yake kila mtu ana kijinafasi cha milimita nne na kidogo cha kusaini. Mwenye saini ya mikogo ameshaingia kwa jirani, na mwenye kuweka dole gumba ndiyo kabisa, anafunika watu watatu. Kwa hiyo orodha ya kusaini inataka mstari mtupu kati ya jina na jina, na kuna amri inayoweka, inaitwa pr. Ni kongwe, ila inajua kazi. Hii ndiyo niliyomalizia nayo nyumbani, kwenye laptop yangu:

pr -d -F -l 42 -h "Orodha ya wanachama" safi.txt | lp -o landscape -o cpi=12

Ile -d inaacha mstari mtupu. -l 42 ni idadi ya mistari ya ukurasa, maana karatasi iliyolazwa haimezi 60. -h ni kichwa cha habari, na kila ukurasa unapata tarehe na namba yake. Msidharau namba ya ukurasa. Orodha ikidondoka chini mlangoni mnaipangaje? Ile -F nayo ni muhimu: bila hiyo pr inajaza ukurasa kwa mistari mitupu, na hesabu yake isipolingana na ya printa, kichwa kinashuka kidogo kila ukurasa hadi kinatokea katikati ya karatasi. Ukiona hivyo ujue ndiyo tatizo lenyewe. Zilitoka kurasa 22 hivi. Nyingi, lakini hizo nazitetea, watu wamesaini vizuri.

Sijasema bado balaa la siku ile. Katika haraka ya kurekebisha, wazee wamenikodolea macho, nikachagua faili lisilo lenyewe. Nikapeleka leja nzima ya mwaka, mistari 9,000. Gawanya kwa 60 uone. Kurasa 150! Nikakimbilia kufuta kazi kwenye kompyuta, ikafutika vizuri, printa ikaendelea kutema tu. Sababu ni kwamba kilichokwisha kuingia kwenye kumbukumbu ya printa yenyewe hakifutiki kwa amri ya kompyuta. Kwa Linux unafuta kazi zote kwa "cancel -a", lakini kama printa imeshameza, nenda ukabonyeze kitufe chake cha kufuta hapo hapo kwenye mashine. Nilivuta trei ya karatasi. Ilisaidia, ila nilipoirudisha ikaendelea ilipoishia.

Tangu siku hiyo naprinti ukurasa mmoja kwanza:

lp -P 1 safi.txt

Naushika mkononi, natafuta jina lenye ng', natazama upande wa kulia kama kuna kilichopotea, ndipo naachia zilizobaki. Na kama hata huo mmoja unakuuma, kuna programu inaitwa paps, inageuza maandishi ya UTF-8 kuwa kurasa unazoziona kwenye skrini bila kutumia karatasi:

paps --paper=a4 safi.txt > safi.ps

Unafungua safi.ps kama unavyofungua PDF. Ukiridhika, "lp safi.ps".

Kwa wale wa Windows wasiotaka mambo mengi, "notepad /p orodha.txt" inaprinti kwenye printa ya kawaida ya mashine bila kukuuliza kitu. Ila haina pa kusema ukurasa wa kwanza tu, kwa hiyo hesabu kwanza. Ile ya zamani ya "copy orodha.txt lpt1" inafaa kwa printa inayoelewa maandishi matupu. Printa nyingi za bei rahisi hazielewi, zinataka kompyuta iwachoree picha ya ukurasa mzima. Na hata inayoelewa inaweza kubaki na ukurasa wa mwisho tumboni, inasubiri kuambiwa ukurasa umeisha. Usiipige. Bonyeza kitufe cha kutoa karatasi.

Yule bibi alipata hela yake. Tuliandika jina lake kwa kalamu, mwenyekiti akatia saini pembeni, na wengine wote wenye ng' wakafanyiwa hivyo hivyo, mmojammoja. Orodha ya kurasa 22 niliipeleka kesho yake, wakasaini upya.

Mwenye kutumia zile printa za cherehani za karatasi yenye matundu pembeni, naomba aweke hapo chini kwenye maoni anavyopanga mistari yake. Kuna mdau wa duka la steshenari ameniuliza na mie sina hiyo mashine ya kujaribia.