Daftari la Nahodha na Mtambo wa Setilaiti

Nitawaeleza hesabu iliyonitoa jasho mwaka 2012, nilipokuwa baharia katika meli ya uvuvi huko Massachusetts, Marekani.

Nahodha wetu, mtu mzima sana, alikuwa na daftari lililojaa tarakimu mfano wa hizi: 13820.5, 44015.2. Hizo si latitudo wala longitudo. Ni za Loran-C, yaani vituo vya redio vilivyowaongoza mabaharia kabla ya setilaiti. Kila mstari ulikuwa mahali ambapo wavu wake wa kukokota uliwahi kunasa, penye mwamba au gofu la meli iliyozama. Wavu ni fedha nyingi, hivyo daftari lile lilikuwa mali.

Chukueni ngoma mbili, moja kilimani, moja bondeni, zipigwe pamoja. Ukisimama katikati zitasikika pamoja. Ukisogelea moja, hiyo itatangulia. Ukiupima muda wa kutangulia, utajua kwamba uko juu ya mstari fulani uliopinda. Ngoma ya tatu hukupa mstari wa pili, na mistari inapokatana ndipo ulipo. Loran-C ilifanya vivyo hivyo: kituo kikuu kilikuwa Seneca, New York, na vingine Caribou, Nantucket, Carolina Beach na Dana. (Hivyo vingine vilingoja kila kimoja zamu yake, ndiyo maana tarakimu ni kubwa.) Muda ulihesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde, na katika sehemu moja tu redio husafiri mita 300 hivi.

Tarehe 8 Februari 2010 Marekani ilianza kuvizima vituo vyake. Daftari likabaki, redio ikanyamaza. Lakini mitambo mingi ya GPS yaweza kupokea tarakimu za Loran na kuzigeuza. Basi usiku mmoja nikaziingiza zote, nikajiona bingwa. Asubuhi wavu ukanasa, na kwenye kioo gofu lilionekana liko mbali kabisa! Nahodha hakusema neno, afadhali angalinitukana.

Kosa lilikuwa hili. Mtambo wetu ulihesabu kana kwamba redio imepita juu ya maji ya chumvi tu. Kumbe kutoka Seneca huvuka nchi kavu kwanza, na nchi kavu huichelewesha. Zamani jambo hilo halikumdhuru nahodha, kwa kuwa ucheleweshaji ulikuwa ule ule kila aliporudi. Aliweza kufika mita 18 hadi 90 tu kutoka pale pale. Lakini tarakimu zikigeuzwa kuwa latitudo, kosa laweza kufika mamia ya mita.

Dawa yake ni kupata mahali pa hakika. Tulilitafuta gofu moja kwa chombo cha kupimia kina, tukasimama juu yake, tukasoma GPS. Tofauti kati ya hapo na jibu la mtambo tukaiandika kuwa sahihisho la sehemu ile. Ukienda mbali sahihisho hilo halifai tena, hapana budi kutafuta gofu jingine. Msimu ule tulipata matatu.

Kurasa zilizobaki bila sahihisho nahodha alizikunja pembe. Huko tulizunguka kwanza tukipima kina, ndipo tukateremsha wavu.