Profesa Kremer na Vitabu vya Shule za Busia

Michael Kremer, mwanachuoni wa uchumi kutoka Marekani, alikuwa mwalimu wa sekondari upande wa Kakamega, nchini Kenya, kabla ya kupata uprofesa. Katika miaka ya 1990 alirudi Kenya na desturi iliyokuwa ngeni kwa wanauchumi wengi: kupima kwanza, ndipo kunena.

Mwaka 1996 shule za msingi 25 kati ya 100, katika Busia na Teso, zilipewa vitabu. Nyingine zikangoja zamu. Mtu angedhani faida yake haina shaka. Kumbe alama za wanafunzi kwa jumla hazikupanda. Walionufaika ni wale tu waliokuwa mbele tangu hapo. Sababu moja yatuhusu sisi wa lugha kuliko wao wa uchumi: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, nayo kwa watoto wengi ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili.

Baadaye yeye na wenzake walichunguza tabia ya wakulima wa Busia: mkulima akiahidiwa kupelekewa mbolea bure mara baada ya mavuno, angali na fedha mkononi, huelekea zaidi kuinunua.

Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kwa maoni yetu, uchunguzi wa vitabu ndio umpasao mtunga vitabu kuusoma kwanza.